Mchonga Mihuri

Nyuma ya posta ya Kisumu, kibanda cha bati la buluu,
miaka ishirini na sita nimechonga mihuri:
ya shule, ya kanisa, ya chama cha mazishi,
duara ndani ya duara, nyota mbili ubavuni,
IMEPOKELEWA kwa herufi zilizogeuzwa nyuma mbele.
Mpira haubishani na wembe.
Unakata, unapuliza vumbi, unajaribu kwenye gazeti kuukuu.
Dakika arobaini, shilingi mia tatu.

Na nilikuwa na pazia,
la maua, alilolishona marehemu mke wangu.
Nikilishusha, wapita njia walijua
kazi iliyomo ndani si ya kuulizwa.

Akeyo, kitindamimba wangu, ndiye aliyeleta kile kidude:
kisoma kadi, upana wa kiganja cha mtoto,
waya mmoja, taa moja ya kijani isiyotulia.
Yeye hufundisha makarani wa kaunti kutia sahihi bila wino.
"Ufunguo umelala ndani ya chipu, Baba.
Hautoki. Hata mimi sijauona.
Hati inasagwa ikawa tarakimu chache,
tarakimu zinabisha hodi kwenye kadi, kadi inajibu.
Ukigusa nukta moja baadaye, jibu halilingani tena."

Nukta moja!
Mimi niliyewahi kugeuza tatu kuwa nane kwa ncha ya sindano.

Nikauliza lililoniwasha:
"Na programu hii ni ya nani? Fundi wake amejificha wapi?"
Akacheka, akafungua kurasa za msimbo,
mistari kwa mistari kama majaruba ya mpunga kule Ahero.
"Ya kila mtu. Huria. Soma ukipenda.
Mama mmoja wa Eldoret aliona kosa humu,
akalitaja hadharani, likazibwa kabla ya Jumapili."

Sikusoma. Hayo siyajui.
Lakini nilikaa nikiitazama mashine iliyovuliwa nguo zote,
kila gurudumu nje, kila jino lahesabika,
na bado siri ya mwenye kadi haionekani.
Kwangu ilikuwa kinyume:
pazia lilifunika kila kitu,
na siri yenyewe ikauzwa kwa mia tatu.

Mwaka wa yale mafuriko alikuja mtu mwenye saa ya dhahabu
akitaka muhuri wa ofisi ya ardhi.
Nilishusha pazia.
Miezi miwili baadaye, Rispa, mjane wa Ochola,
alitolewa kwenye kiwanja chake cha Manyatta,
sufuria barabarani, kitanda kimesimamishwa wima
kama mgeni aliyekosa pa kukaa.
Katika karatasi aliyoonyeshwa, nyota ya kushoto
ilikuwa na mkato mdogo mguuni.
Wembe wangu ulikuwa na pengo wiki ile.

Na bado hunisalimu. Kila asubuhi, beseni la omena kichwani:
"Umeamkaje, fundi?"
Fundi.

Jana usiku nilimwambia Akeyo aandike.
Nilitaja tarehe, bei, saa ya dhahabu, pengo la wembe.
Aliandika bila kunitazama,
kisha akachomeka kadi yenye jina langu.
"Nambari ya siri. Ukikosea mara tatu inajifunga."
Vidole vilivyochonga serikali nzima
vilikosea mara mbili.
"Na ukishatia," alisema polepole, "huwezi kukana.
Huwezi kudai mkono wako uliigwa."

Ndilo nililolitaka.
Miaka yote ya mpira, kila mtu aliweza kukana,
mimi wa kwanza.

Tarakimu sita. Taa ikapepesa, ikatulia.
Hakuna kishindo mezani, hakuna harufu ya wino.
Nilingoja, kwa mazoea, kitu kikauke.

Asubuhi nililiteremsha pazia, nikalikunja.
Rispa akapita, akaona ndani kwa mara ya kwanza:
taa, wembe, mwanamume mzee.
"Umeamkaje, fundi?"
Nikasogeza kiti.
"Sikulala," nikamwambia. "Tua beseni kwanza. Keti."